Mashine ya presha: ya juu ya kiwiko au ya kifundo?

Kwenye kemisti Kisumu utaonyeshwa aina mbili. Ya kifundo cha mkono ni nyepesi na huingia mfukoni, ila ina kero: kifundo kikiwa sentimita 10 chini ya usawa wa moyo, kipimo hupanda kwa takriban 8 (mmHg, kizio cha presha), na mama anaanza kuhofia presha asiyo nayo. Sisi tungenunua ya juu ya kiwiko. Pima kwanza mzingo wa mkono, juu ya kiwiko, kwa futi ya fundi wa nguo. Mkanda wa mashine unaofungwa mkononi, wa sentimita 22–32, ukilazimishwa kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa za uongo. Ukishuka bodaboda, kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu sakafuni, kisha pima mara mbili. Ya kifundo mwachie asiyepata mkanda unaomtosha.