Uzoefu Wangu: Chapa Tatu za Ndege wa Bustanini Zilizochongwa kwenye Mti

Mwezi wa Machi nilinunua chapa tatu, yaani picha zinazopigwa kwenye karatasi kwa kibao cha mti kilichochongwa na kupakwa wino, kutoka kwa msanii mmoja wa hapa Nairobi: kuzumburu, kurumbiza na chozi, kila moja kwa shilingi 4,500 bila fremu. Zimekaa ukutani kwangu miezi saba sasa, na nimezitazama za kutosha kuweza kuzisema.

Wageni wangu wengi hudhani ni michoro ya kalamu. Sivyo. Mchongaji huchukua kipande cha mti mgumu kilichokatwa mkingamo, yaani upande ule unaoonyesha pete za mti, akauchimba kwa patasi nyembamba mno. Alipochimba hubaki peupe, na wino unaopakwa kwa rola hushika pale tu ambapo hapakuguswa. Kwa kuwa nyuzi za mti zimesimama wima, patasi hupita upande wowote bila kuurarua, ndiyo maana mstari huweza kuwa mwembamba kama unywele. Thomas Bewick wa Newcastle, Uingereza, ndiye aliyeupandisha hadhi ufundi huu mwishoni mwa karne ya 18, na ndege ni miongoni mwa kazi zilizompa jina.

Kuzumburu ndiye bora kuliko wote. Nyumbani kwetu Loresho ndege hawa hawana rafiki, maana wakishuka kundi zima kwenye mpapai hawabakishi kitu, lakini aliyemchonga huyu alimtazama kwa subira: ananing'inia tawini, miguu imepanda hadi usawa wa mabega, mkia umeshuka mrefu kuliko mwili wenyewe. Kifua hakikuchorwa kwa mistari, bali kwa nukta ndogondogo zinazozidi kuachana kadiri unavyokaribia tumbo, hata ukadhani manyoya yanapeperuka. Kurumbiza naye amekaa vizuri, kwa sababu kichwa chake cheusi ni mti usioguswa na ushi wake mweupe ni karatasi tupu. Ndege huyu ni kama aliumbwa kwa ajili ya kazi hii.

Chozi amenivunja moyo. Anayemjua chozi anamjua kwa ule mng'ao wa shaba na kijani anapogeuka juani, na wino mweusi hauwezi kuutoa hata fundi awe hodari namna gani. Mama mkwe alisimama mbele yake akauliza, "Kwani huyu ni kunguru mchanga?" Sikuwa na jibu.

Lalamiko langu kubwa ni usafirishaji. Chapa zililetwa kwa bodaboda siku ya mvua, zimekunjwa ndani ya bomba la kadibodi, na ile ya kurumbiza ilikuwa imelowa pembeni. Msanii aliibadilisha bila ubishi, nikapewa namba 9/40 badala ya 8/40, maana yake ni nakala ya tisa kati ya arobaini. Hata hivyo, nilizilaza zote chini ya vitabu kwa wiki mbili kabla hazijanyooka.

Fremu ni gharama nyingine, na hapo uwe macho. Fundi wa kwanza niliyemwendea alikwisha kushika gundi, anataka kuibandika chapa moja kwa moja kwenye ubao. Nilimzuia mkono ukiwa hewani. Wa pili aliweka kadi ya pambizo ili kioo kisigusane na wino, kwani unyevu ukiingia kati yao karatasi hung'ang'ania kioo, na kwa kazi hiyo alinitoza shilingi 2,800 kila moja. Nimezitundika ukuta usiopigwa na jua.

Nimeshaagiza ya nne, ya shore, ambaye hana rangi ya kupotea isipokuwa ile njano kidogo chini ya mkia, na nimesisitiza iletwe ikiwa imelazwa kati ya kadibodi mbili.