Siku Mbili Uwanjani Kutazama Kriketi ya Testi

Kwa miaka mingi niliitazama kriketi ya Testi, ile ambayo mechi moja huweza kuchukua siku tano, kwenye televisheni tu, hadi nilipopata nafasi ya kuingia uwanjani kwa siku mbili za mechi moja, ya kwanza na ya tano, nikaona mengi ambayo kamera haikuwahi kunionyesha.

Nianze na kiti, kwa kuwa hapo ndipo nilipokosea. Siku ya kwanza nilikata tiketi ya upande, mkabala na ubavu wa pichi, ule ukanda wa katikati ambamo mpira hurushwa na kupigwa, nikidhani kwamba cha maana ni kuwa karibu. Kutoka pale niliona vizuri kimo ambacho mpira unafikia ukidunda, lakini sikuweza kabisa kutambua kama umepinda kulia au kushoto, na kupinda huko ndiko kunakomhangaisha mpigaji. Siku ya tano nilikaa mwisho wa uwanja, juu kidogo, nyuma ya mrushaji, na hapo nikauona mpira ukitoka mkononi umenyooka, kisha ukikengeuka hewani kana kwamba umevutwa. Sharti la viti hivyo ni kutoinuka mpaka ova, yaani mirusho sita, imalizike, kwa sababu mtu anayetembea nyuma ya mkono wa mrushaji humfanya mpigaji aupoteze mpira machoni.

Televisheni huifupisha pichi, ambayo kutoka vigingi, ile miti mitatu iliyosimikwa kila mwisho, hadi vigingi vya upande wa pili ni mita 20.12, na ndiyo maana nilishangaa kumwona mlinda wiketi amesimama nyuma ya vigingi kwa umbali unaokaribia urefu huo wote. Umbali wake ulinieleza kasi ya mrushaji kuliko namba yoyote ya kwenye skrini. Alipoingia mrushaji wa mipira ya kuzungusha, ambayo huenda polepole, mlinda wiketi alisogea hadi karibu avifikie vigingi kwa mkono. Hata sauti ilikuwa tofauti: niliona gongo likiupiga mpira, na mlio ukanifikia baadaye kidogo.

Nilivutiwa zaidi na yale yanayotokea kati ya mrusho mmoja na mwingine. Mpira hurudi kwa mrushaji ukipita mikono mitatu au minne, na kulikuwa na mchezaji mmoja ambaye kila ulipomfikia aliusugua upande uleule kwenye suruali yake nyeupe, akiulainisha kwa jasho, kwani mate yalipigwa marufuku moja kwa moja mwaka 2022. Upande mmoja unang'aa, mwingine unachakaa, na tofauti hiyo ndiyo inayousaidia mpira kupinda. Kazi hiyo aliifanya siku nzima.

Lalamiko langu moja ni la siku ya kwanza. Waamuzi waliwatoa wachezaji kwa sababu ya mwanga hafifu, nasi tukakaa karibu saa nzima bila tangazo lolote. Uamuzi wenyewe siupingi, kwa kuwa mpira mwekundu ni hatari usipoonekana, lakini mtu aliyelipia siku ya ova 90 anastahili kuelezwa kinachoendelea. Mapumziko ya kawaida, dakika 40 za chakula na 20 za chai, yalikuwa na mpangilio mzuri.

Kwa anayeweza kwenda siku moja tu, ushauri wangu ni siku ya tano, ikiwa mechi itaifikia. Viti vingi vilikuwa vitupu, na timu iliyokuwa ikipiga haikuwa na tumaini la kushinda. Ilitaka tu isitolewe yote kabla ya jioni, ili mechi iishe sare. Kila mpira uliozuiwa ulipigiwa makofi. Katika ova ya mwisho, ikiwa imebaki wiketi moja, yaani akitolewa mpigaji mmoja tu timu imekwisha, wadakaji saba walikuwa wameinama kumzunguka mpigaji, karibu kiasi cha kusikia pumzi zake, naye akaizuia mirusho yote sita kwa gongo lililolala kidogo mbele, mpira ukifia miguuni pake. Waamuzi wakaondoa vijiti vya juu ya vigingi, na wale saba wakainuka mmoja mmoja kwenda kumpa mkono.