Sumaku ya kusugulia kioo: nyota nne

Kwa jua hili la Dodoma, tangi la samaki likikaa karibu na dirisha linageuka shamba la mwani. Langu, hapa Kisasa, lilikuwa kijani hadi wageni wanauliza kama kuna samaki kweli. Sumaku hii nimeinunua kwa muuza samaki wa mapambo, jirani na soko la Majengo. Kipande kimoja kinakaa ndani, kingine nje. Ukivuta cha nje, cha ndani kinafuata kikikwangua. Mkono haulowi. Kwenye kona zenye silikoni, ile gundi inayounganisha vioo, haifiki, na chembe ya mchanga ikinasa chini yake kioo kinachubuka, kwa hiyo usiishushe hadi kwenye changarawe.

Ila inaondoa kilichoota tu, haizuii kuota. Hapo ni kuwasha taa kwa saa 6 hadi 8 tu kwa siku, kupunguza chakula na kubadilisha robo ya maji kila wiki.

Muuzaji, kijana mwenye maneno, alitaka kuniongezea chupa ya dawa ya mwani. Nikasoma lebo: ina shaba, na shaba inaua konokono. Mdogo wangu, mimi konokono ninao! Nikamrudishia.