Wiki tatu ndani ya hema hili, Oman, tukitafuta kazi

Assalamu alaykum watazamaji wangu. Leo nipo Vumawimbi, kaskazini ya Pemba, na hili nyuma yangu ndilo hema mlilokuwa mkiniulizia. Anayeshika kamera ni mume wangu. Januari tulilala humu wiki tatu nchini Oman, tukitafuta kazi: yeye fundi umeme, mimi mwalimu wa skuli ya maandalizi. Kulipia hoteli Maskati siku zote hizo kungemaliza akiba yetu, na jamaa tulionao kule nyumba zao zimejaa. Oman pwani na milimani kuna sehemu nyingi za wazi ambapo watu hupiga mahema bila ya kulipa. Basi tukalinunua kule kule, riali 22.

Kwa mtu anayetembea tu, ni hema zuri. Kwa anayetafuta kazi, mimi nalipima kwa jambo moja: asubuhi unatoka vipi humo ndani?

Sogea, mume wangu, waonyeshe. Imeandikwa watu wawili. Sakafu ni sentimita 130 kwa 210. Sisi tunaenea, lakini tukishalala mabegi hayana pahala. Usiku wa kwanza, ufukwe wa Fins, baina ya Maskati na Sur, tuliyabananisha na ukuta wa hema. Alfajiri tunaamka kuswali, ukuta unachuruzika maji, na mvua haikunyesha hata tone! Ni pumzi zetu wenyewe. Watu wawili wanapumua usiku kucha, mvuke unakutana na kitambaa kilichopoa, unageuka maji. Bahasha ya vyeti vyangu ilikuwa imelowa upande mzima. Nililia, siwafichi. Miaka yangu yote ya kusoma imo kwenye bahasha ile.

Kwa hivyo msidanganyike na ile nambari ya maji. Hapa imeandikwa milimita 2000, yaani kitambaa kinahimili maji ya kimo hicho yakisimama juu yake. Hiyo ni habari ya mvua, unyevu wa ndani ni habari nyengine. Tazameni matundu ya hewa. Hili linayo mawili, hapa juu na kule nyuma, na tulipoanza kuyaacha wazi usiku kucha maji yalipungua sana. Vyeti tukavitia kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana.

Vigingi sivipendi. Vyembamba, mchangani havishiki. Tazameni nilivyofanya hapa: nimejaza mchanga kwenye mfuko, nimeufunga kamba ya hema, nimeufukia. Hautoki huo. Fito ni za alumini, upepo umezipinda mara nyingi na zimerudi zilivyokuwa. Hapo hema nalipa haki yake.

Mlimani, kule Jebel Shams, tulilala usiku mmoja tu. Ni juu mno, na baridi ya Januari kule sisi watu wa pwani hatuijui. Ukinunua mfuko wa kulalia mara nyingi utaona nambari mbili au tatu za baridi. Fuata ile ya starehe. Ile ya baridi kali zaidi usiitegemee kwa usingizi mzuri.

Sasa kazi yenyewe. Mume wangu alipigiwa simu ya usaili, chaji imebaki asilimia 6. Siku ile ile tukanunua benki ya chaji, ile betri ya kuchajia simu. Ukisafiri nayo kwa ndege, iweke kwenye begi la mkononi, usiitie kwenye mzigo wa chini. Na usiku wa kuamkia usaili hatukulala hemani. Tulikodi chumba cha bei nafuu chenye pasi na maji ya kuoga. Pesa ya chumba hicho ihesabuni pamoja na bei ya hema, tangu mwanzo. Na jengine: viza ya utalii si ruhusa ya kazi. Viza ya kazi anayekuombea ni mwajiri. Mtu akikwambia anza leo, viza itakuja baadaye, aga uondoke.

Usaili ule hakupita. Hema dogo halina pembe ya kununia, jamani. Alikaa nje peke yake mpaka usiku mkubwa, nikamwacha, nikachemsha chai. Nje pia, nisikilizeni vizuri: jiko la gesi wala la mkaa lisiwashwe ndani ya hema hata kwa dakika moja. Moshi wake mwengine hauonekani wala haunuki, na unaua watu usingizini.

Mkiwa wawili, nunueni la watu watatu, lenye kibaraza. Mwezi ujao tunarudi, kuna kampuni imemwita tena, na tutalichukua hili hili kwa kuwa ndilo tulilonalo.

Naona wingu linakuja kutoka baharini. Mnajua wenyewe karafuu ikitiwa guniani mbichi inavyofanya. Na hema ni hivyo hivyo, ukilikunja na unyevu linaota ukungu. Zima kamera, mume wangu, shika upande ule.