Kuagiza Delica ya fowili kwa ajili ya kulala safarini: miezi mitano ya kusubiri na milioni tano za ziada

Machi 2022 nilikuwa na profoma mkononi, ile karatasi ya bei, ya Mitsubishi Delica D:5, gari la mtindo wa basi dogo, ya mwaka 2012, petroli, cc 2,400, fowili, yaani inayosukumwa na magurudumu yote manne. Dola 6,800 mpaka bandari ya Dar es Salaam, nauli ya meli na bima ndani yake. Dola wakati ule ilikuwa 2,300 na kidogo, kwa hiyo hapo ni kama milioni 15.7. Nikasema ngoja kwanza nimalize kuezeka nyumba. Agosti 2024 nilipokuwa tayari, Delica ya aina ileile, nayo ikiwa na miaka kumi kama ile ya kwanza, ilikuwa imefika dola 9,800, na dola benki naipata kwa 2,720. Karibu milioni 26.7, kodi bado.

Naandika haya kwa sababu tangu niliegeshe gari hili nje ya nyumba, hapa Iringa, hazipiti siku mbili bila mtu kusimama kuniuliza limenigharimu kiasi gani. Nikimtajia bei ya kununulia peke yake ninakuwa nimemdanganya.

Kwanza kwa nini Delica. Mimi na mke wangu tunapenda kusafiri Nyanda za Juu Kusini, na miezi tunayoitaka sisi ndiyo miezi ya mvua. Maua ya Hifadhi ya Kitulo yanachanua kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi, yaani wakati ambao barabara ya kupandia kule ni tope. Hiace tulikuwa nayo, ya kusukumwa na magurudumu ya nyuma, na imetulaza porini mara mbili bila sisi kupanga. Land Cruiser bei yake hatuiwezi. Hiace ya fowili ipo, na ni gari zuri sana, ila zinagombewa mno na bei yake ilikuwa juu kuliko ya Delica kwa mwaka uleule. Delica ina nafasi ya kulala watu wawili walionyoosha miguu, viti vya nyuma vinakunjwa na kubanwa ukutani, na chini ya gia kuna kitufe cha kuzungusha chenye hatua tatu: 2WD ya magurudumu mawili, 4WD ya manne, na LOCK ya manne kwa njia mbaya. Injini yake, 4B12, ni ileile iliyomo kwenye Outlander ya cc 2,400, kwa hiyo vipuri Kariakoo havikutoi jasho.

Sasa kwa nini bei ilipanda hivyo? Delica D:5 za fowili zimetengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, kwa hiyo anayeitaka, popote alipo duniani, anaivizia kwenye minada ileile. Yeni ilishuka mpaka karibu 160 kwa dola moja mwaka 2024, na wengi wetu tulidhani magari yatakuwa rahisi. Kumbe yeni ikishuka wanunuzi wa nchi zote wanajaa mnadani. Kanada wanaruhusu gari likishafika miaka 15, na D:5 za kwanza ni za 2007, maana yake tangu 2022 Wakanada nao wamo, na wao wanazitaka kwa kazi hiihii ya kulala porini. Nauli nayo ilikuwa imepaa. Meli za magari zinatoza kwa ujazo, na Delica inakula karibu mita za ujazo 16, wakati IST ni kama 10 tu.

Nikampata wakala Dar es Salaam anayeagiza magari moja kwa moja mnadani. Sitamtaja jina, kwa sababu sitaki hadithi hii igeuke kesi. Mapokezi yake yalikuwa mazuri, na simu alikuwa anapokea siku za mwanzo. Tukashindwa minada mitatu mfululizo, kila mara gari linapita dari ya bei tuliyoweka kwa dola mia tatu au mia nne. Wiki ya nne akanitumia picha: nyeupe, safi, kilomita 78,000. "Kaka, hii usiiachie, lipa nusu leo tulifunge." Nikalipa nusu.

Usiku nikakaa kuzikuza picha zile moja moja. Kwenye picha ya dashibodi, chini ya gia, pale panapotakiwa kuwa na kile kitufe cha kuzungusha, palikuwa na plastiki laini isiyo na kitu. Nikaitafuta namba ya chesisi. Ilianza na CV2W. Delica ya petroli ya cc 2,400 ya fowili inaanza na CV5W, na ya dizeli CV1W. CV2W ni cc 2,000 inayovutwa na magurudumu ya mbele tu. Kwenye profoma waliandika 4WD, herufi kubwa kabisa. Asubuhi nikampigia wakala, naye kwa kweli hakubisha, lakini kulibatilisha lile gari na kuhamishia hela kwenye jingine kulichukua siku kumi na tisa. Siku hizo kumi na tisa zishike, nitazirudia.

Gari lililofuata lilitoka Hokkaido, kaskazini mwa Japani. Hili jambo sikuwahi kuambiwa na yeyote kabla sijaanza: Wajapani wanaonunua fowili wengi wanaishi kwenye theluji, na barabara za theluji zinamwagiwa chumvi. Kwa hiyo gari ulitakalo, kwa sifa ileile inayokufanya ulitake, lina uwezekano mkubwa wa kuwa limeoza uvunguni. Karatasi ya mnada ilisema daraja la 4, ambalo ni zuri. Lakini kwenye kile kimchoro cha gari kulikuwa na herufi S sehemu mbili za chini, na S ni sabi, kutu. Nikaomba picha za uvunguni. Wakala akasema watu hawaombagi hizo. Nikasisitiza, zikaja tano. Mkono wa nyuma wa saspensheni ulikuwa umevimba kutu ya tabaka kama ganda la mti mkavu, na boliti zake huwezi kujua kichwa kinaanzia wapi. Nikalikataa.

La tatu ndilo hili nililonalo. CV5W, mwaka 2014, kilomita 91,000, daraja 3.5, limetoka upande wa Nagoya. Lina mikwaruzo mlango wa kushoto na uvungu mkavu. Mikwaruzo nitaipaka rangi siku nikipenda. Nikamalizia malipo mwanzoni mwa Oktoba, nikaambiwa meli ya Oktoba. Baadaye ikawa ya katikati ya Novemba, kwa kuwa nafasi imejaa. Ikaondoka mwishoni mwa Novemba.

Kwa asiyejua, kodi inahesabiwa hivi. Ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya thamani ya gari pamoja na nauli na bima. Juu ya jumla hiyo unakuja ushuru wa bidhaa, asilimia 10 kwa injini iliyozidi cc 2,000, na mwingine wa uchakavu: asilimia 15 kwa gari la miaka 8 mpaka 10, asilimia 30 likizidi miaka 10. Halafu VAT asilimia 18 juu ya vyote hivyo. Ukipiga hesabu mpaka chini, gari la cc 2,400 lenye miaka kumi linalipiwa kama asilimia 84 ya thamani yake. Likizidi kumi ni asilimia 106. Hapo sijaweka ada ndogondogo wala usajili.

Gari la 2014 ndani ya mwaka 2024 lina miaka kumi. Meli ilifika Dar es Salaam wiki ya kwanza ya Januari 2025, na hapo likawa limezidi kumi.

Sheria iko wazi na kikokotoo cha TRA kiko mtandaoni, kila mtu anaweza kuingiza mwaka wa gari lake na kuona, kwa hiyo sina neno na kodi. Kinachoniuma ni kwamba wakala aliyefanya kazi hii miaka mingi alijua tarehe 31 Desemba ina maana gani kwa gari la 2014, na hakuniambia hata siku moja. Kwa gari langu tofauti ilikuwa zaidi ya milioni 5. Zile siku kumi na tisa za gari lisilo sahihi zingetosha kuliwahisha kwenye meli iliyofika Desemba. Nilimuuliza. Akaniambia, "Kaka, meli siendeshi mimi." Ni kweli haendeshi. Lakini angeniambia mapema ningetafuta la 2015 hata kwa kuongeza dola elfu moja, na bado ningebaki na hela.

Afueni moja ni kwamba shilingi ilikuwa imepata nguvu mwisho wa mwaka, dola imeshuka kwenye 2,400 na kitu, la sivyo kodi ingekuwa kubwa zaidi. Nililipa karibu milioni 25.6. Hati za meli zilichelewa kufika kutoka Japani, siku za bure bandarini zikaisha, nikalipia na hifadhi. Ukijumlisha wakala wa forodha, ukaguzi, namba na mafuta ya kulileta Iringa, gari limesimama kwenye milioni 55. Kwa hesabu ya 2022, bei na kodi vilikuwa vinaishia kama milioni 29.

Kulitengeneza ndani hakukuwa na shida. Fundi wetu mmoja wa Ipogolo, mzee mtulivu sana, alipima kwa kamba, akatengeneza kitanda cha plaiwudi cha vipande vitatu kinachokunjika, chini yake droo mbili, moja ya jiko la gesi dogo na vyombo, nyingine ya nguo. Betri ya pili, sola juu ya paa, taa, pazia alizoshona mke wangu. Yote kama milioni 2.8.

Aprili tukapanda Kitulo kupitia Chimala, ile barabara wenyeji wanaiita Hamsini na Saba kwa hesabu ya kona zake. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kuanzia kona kama ya ishirini udongo ulikuwa sabuni, fuso moja imelala upande na vijana wanaisukuma. Nikazungusha kitufe mpaka LOCK, gia ya chini, nikaacha gari lipande lenyewe taratibu. Kwenye kona moja nilisikia gurudumu la nyuma kulia likiteleza, sekunde moja hivi, halafu la mbele likashika na gari likanyooka. Mke wangu alikuwa ameshika mpini wa juu kwa mikono miwili, hakusema kitu mpaka Matamba. Tulilala juu kule kwenye baridi, mvua inapiga paa, ndani kukavu. Maua mengi yalikuwa yameshapita, ila yale mekundu marefu yalikuwepo bado, kwenye ukungu, mpaka pembezoni mwa njia.

Gari lenyewe nalipa alama zote. Linakula lita moja kwa kilomita tisa mpaka kumi barabara ya lami, kwenye tope sijapima. Huduma ya kuagiza siwezi kuipa hata nusu.

Shemeji yangu wa Njombe naye anataka moja. Tumeanza kutafuta Februari, tumeweka mwaka wa gari wenye nafasi ya miaka miwili kabla ya kuvuka kumi, na mkataba na wakala, mwingine safari hii, unasema kwa maandishi: namba ya chesisi kabla ya senti yoyote, picha za uvunguni zisizopungua nane, na gari lisipopanda meli kufikia mwisho wa Septemba hela inarudi. Wakala wawili waliukataa mkataba huo. Wa tatu ameusaini.