Uzoefu wangu na lasio katika kukagua logi za visima

Nyota nne kati ya tano. Kwa mjiolojia kijana wa hapa Uganda asiye na leseni ya zile programu ghali za kampuni kubwa, naipendekeza lasio bila kusita. Ni maktaba ya Python, ya bure, inayosoma mafaili ya LAS (mafaili ya maandishi yanayohifadhi logi, yaani vipimo vya miamba vilivyochukuliwa kina kwa kina ndani ya kisima), na kwenye laptopu yangu ya kawaida hapa Hoima haisumbui.

Data ya Tilenga na Kingfisher, miradi ya mafuta ya hapa Uganda, haiko wazi kwa kila mtu, kwa hiyo nimejifunzia kwenye data ya Volve, eneo la mafuta la Norway ambalo data yake ilitolewa kwa umma na kampuni ya Equinor mwaka 2018.

Pale kifaa kisipopima kitu, faili huandikwa -999.25. lasio huiondoa yenyewe, mradi namba hiyo imetajwa kwenye kichwa cha faili. Isipotajwa inapita, na wastani wako wa miale ya gama (mionzi ya asili ya mwamba) unaharibika wote. Kwa hiyo soma kichwa kwanza.

Lakini lasio inasoma tu, haihukumu. Mimi huanza na kalipa, kipimo cha upana wa shimo la kisima. Kisima kikichimbwa kwa keekee (kichwa cha kuchimbia) ya inchi 8.5, kisha kalipa ikasoma 12, ujue ukuta umebomoka. Kipimo cha msongamano hutakiwa kubanwa kwenye mwamba. Ukuta ukibomoka hakiufikii vizuri, kinapima tope la kuchimbia, ambalo ni jepesi kuliko mwamba. Msongamano unashuka, hesabu inakuonyesha mwamba wenye nafasi tele ya kubeba mafuta, na nafasi hiyo haipo! Mchanga wetu wa Bonde la Albert, ambao mwingi haujashikamana, unadai tahadhari hii kuliko miamba migumu. Nimeandika mistari michache inayotia rangi nyekundu popote kalipa inapoizidi keekee kwa inchi 2, au marekebisho ya msongamano (yale ambayo kifaa hufanya kufidia tope) yanapopita gramu 0.2 kwa sentimita ya ujazo. Sehemu hizo siziingizi kwenye hesabu hata kidogo.

Nyota moja nimeibana kwa sababu haifungui mafaili ya DLIS, aina nyingine ya mafaili ya logi, na maelezo yake yote ni ya Kiingereza. Kuoanisha kina cha logi zilizopimwa kwa nyakati tofauti pia kumebaki kazi ya macho yako: weka gama ya mshusho wa kwanza wa vifaa kando ya gama ya mshusho wa pili. Zikipishana hata nusu mita, tabaka jembamba la mchanga litapewa ukinzani (uwezo wa kuzuia umeme) wa mfinyanzi ulio juu au chini yake.