Kisagio cha kahawa: tikisa kwanza, lipa baadaye

Muuzaji wa Nyawera, hapa Bukavu, aliikataa noti yangu ya dola ishirini kwa sababu ilikuwa na mpasuko wa milimita mbili pembeni. Aliinyanyua kwenye mwanga, akaigeuza mara tatu, akanirudishia: "Mama, hii haipiti." Nikatoa nyingine. Kisagio chake, lakini, hakuniruhusu hata kufungua boksi. Boksi likifunguliwa, anasema, hakuna mtu atakayelinunua tena. Nilipofika nyumbani nikakuta chuma cha katikati kinacheza kama jino la mtoto wa miaka sita.

Kwa hiyo leo ninaandika kuhusu hicho chuma. Rangi, ukubwa na mkono unaokunjwa utaviona mwenyewe kwa macho.

Kisagio cha maana kina meno ya aina mbili: pete ya nje iliyotulia, na koni ya ndani inayozunguka juu ya chuma cha katikati. Punje zinapita kwenye nafasi iliyo kati yake, na nafasi hiyo ndiyo inayoamua ukubwa wa chembe. Chuma kikiyumba, kila mzunguko upande mmoja unabana na mwingine unaachia. Matokeo yake ni vumbi na nusu punje ndani ya kikombe kimoja: vumbi linatoa uchungu, vipande vinaacha uchachu, na wewe unailaumu kahawa. Mimi niliilaumu kahawa ya kisiwa cha Idjwi wiki nzima, hata nikamsema shangazi aliyenitumia kwa mtumbwi. Maskini, hakuwa na kosa lolote.

Tena kasoro hii ina ujanja. Ukisaga laini sana, meno yanakaribiana mpaka yanashikiliana, huoni kitu. Ukifungua kwa kahawa nene, ile ya kafetiera ya pistoni, ndipo mayumbo yanajitokeza. Ndiyo maana muuzaji akikubali kukuonyesha, atasaga laini kama unga wa muhogo halafu akutazame kama mtu aliyefanya muujiza. Mwambie afungue hadi mwisho. Shika mkono wa kisagio bila kuuzungusha, usukume kushoto na kulia, huku kidole cha mkono mwingine kikigusa ile koni kwa chini. Ikicheza, rudisha. Beba na punje zako kwenye karatasi, kijiko kimoja tu, usage nene, umwage juu ya sahani nyeupe. Utaona mwenyewe kama zimelingana.

Sasa chaguo langu, na sitajifanya sina upande: Timemore C2. Ni cha mkono, cha Kichina, meno ya chuma ya milimita 38, na chuma cha katikati kimeshikwa na beringi mbili, juu na chini. Hilo la beringi mbili ndilo ninalolilipia. Kinabeba gramu 20 hivi, yaani vikombe viwili vidogo. Wageni wakija utasaga mara mbili tatu, vumilia. Mdogo wangu alikitoa Kigali na mpaka leo hakijatikisika. Meno yake usiyaoshe kwa maji, yanaweza kushika kutu. Brashi kavu inatosha.

Mwenye pesa zaidi achukue 1Zpresso ya Taiwani. Comandante C40 ya Ujerumani ni nzuri mno, lakini inapita dola 200, na kwa bei hiyo mimi nanunua mbuzi.

Za umeme? Baratza Encore ina meno ya kweli na hatua 40 za kuchagua. Ila tuko Bukavu. SNEL, shirika la umeme, ikirudisha umeme saa saba usiku, utaamka kusaga kahawa? Na angalia maandishi chini ya mashine: iliyotengenezwa kwa soko la Marekani ni ya volti 120, ukiichomeka hapa kwenye 220 utasikia harufu ambayo si ya kahawa. Wauzaji wa okazyo, yaani vitu vilivyokwisha kutumika, hawakuambii hilo. Wanakuambia "ni original".

Kama babu aliacha kisanduku cha mbao chenye droo chini na jina Peugeot, usikiuze. Ndiyo, ni wale wale wa magari. Visagio vya kahawa walianza kuvitengeneza mwaka 1840. Kitikise kama vingine. Kikiwa kimetulia, umeshapata.

Vile vya kisu kinachozunguka, "vinasaga vyote, mama, pilipili, karanga": hapana. Kisu hakisagi, kinakatakata, na pilipili haitoki humo tena. Kama pesa ni hiyo tu, twanga kwenye kinu, angalau hakina udanganyifu.

Kinachoniuma ni bei. Ukiuliza kwa nini kitu kinauzwa hapa mara mbili ya Kigali, jibu ni duane (ushuru wa forodha), njia, duane tena. Sawa. Lakini sisi tunaishi juu ya kahawa! Inashuka Kabare, Kalehe, Idjwi, inapakiwa, inaenda Ulaya, na dukani kwetu inarudi unga ndani ya kopo, tunakoroga na maji ya moto. Mtu anayelima punje hana cha kuzisagia, na akikitafuta anauziwa kwa bei ya mtalii na kukatazwa kufungua boksi.

Kile changu kibovu sasa kinasaga pilipili manga, kazi ambayo mayumbo hayaiharibu sana. Noti ya dola ishirini bado iko ndani ya droo. Nimeshaibandika gundi.